Jina Walilomwekea Mwingine

Kwa karibu miaka miwili watu wa Kikima waliniita Mama Bebi. Halikuwa jina la utani. Walikosa jina lingine la kuniitia kwa sababu mtoto wangu hakuwa na jina. Meno alikuwa nayo manne, kikohozi alikuwa nacho cha kudumu, na faili yake hospitalini ilikuwa nene mpaka karani akaibeba kwa mikono miwili. Lakini jina, hapana. Na si kwamba majina yameisha Ukambani. Jina lake lilikuwepo hata kabla hajazaliwa, ila kuna mtu alikuwa amelikalia.

Naandika sasa kwa sababu mtoto yuko uani anafukuza kuku, na mimi nimepata nafasi ya kukasirika vizuri. Wakati ule sikuwa na nafasi. Kama wewe umetoka wodi ya wazazi juzi juzi, una mtoto mwenye mwili laini na macho yaliyopanda kidogo, na kila unayemuuliza anakuambia ngoja, hebu keti nikuambie yaliyonipata. Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo, nashona sare za shule, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Nitamwita mtoto Kalondu tangu hapa, ingawa siku hizo hakuna aliyemwita hivyo. Hilo la Bebi sitaki kuliandika tena kuliko inavyobidi.

Alizaliwa mvua za Novemba zikiwa zimeshika Mbooni, barabara yote tope. Mkunga alimfuta, akamgeuza, akamfungua kiganja akakitazama, kisha akamwita mwenzake naye akitazame. Wakaanza kunong'ona kwa Kiingereza hapo juu ya kichwa changu, ni kama nimezaa na masikio yakatoka pamoja na mtoto.

"Sista, kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, mama. Pumzika. Ngoja daktari."

Daktari alifika siku ya tatu, akatia sahihi, akaenda zake. Hakuna aliyeketi kando ya kitanda changu akasema neno. Ila kwenye kile kitabu cha kliniki, kile ambacho kila mama hupewa, mtu alikuwa ameandika herufi mbili kwa kalamu nyekundu, D.S., na alama ya kuuliza mbele yake.

Mume wangu Musyoki alikuja kutuchukua kutoka Kibwezi, ambako huwa anatandaza mipira ya maji kwenye mashamba ya kunyunyizia. Akasoma zile herufi, akakuna kichwa. Sisi wawili tulisoma shule ya kutwa, na D.S. tunayoijua ni ile iliyokuwa ikiandikwa kwenye rejista kando ya majina yetu. "Si ni Day Scholar?" akasema. "Basi afadhali, huyu hatatusumbua na mambo ya kulala shule." Tukacheka pale wodini, Mungu atusamehe. Wauguzi wakatutazama, wakajua hatujui, na bado hawakutuambia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba walituona tukicheka wakatuacha twende nyumbani hivyo.

Sasa nieleze mambo ya jina, maana si kila msomaji ni Mkamba. Kwetu msichana wa kwanza hatafutiwi jina. Lipo. Ni la mama ya baba yake, na wa pili ndiye huchukua la mama ya mama. Akishapewa, baba yake humwita mwaitu, yaani mama, kwa sababu ana jina la mama yake. Anaweza kuwa anatambaa na pua inamtoka, lakini ni mwaitu, na baba hamfokei ovyo. Nami niliyeolewa nachukua jina hilo hilo kwa majirani, naitwa mama wa fulani. Kwa hivyo mtoto akikosa jina, hata mimi sina.

Mama mkwe wangu ndiye Kalondu mkubwa. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu wa kuheshimiwa, ana sauti ya kuongoza wimbo bila kipaza sauti. Alikuja na uji na wenzake wanne, wamejitayarisha kwa vigelegele. Nikampa mtoto. Akafunua shali, akatazama. Akafunika.

"Mtoto amechoka," akasema.

Tukangoja. Mwenzake mmoja akamwambia, "Si umsalimie kwa jina, tushangilie twende?"

"Ngojeni kwanza," akasema. "Ngojeni apate nguvu."

Wakanywa uji wao wenyewe wakaondoka. Mimi mjinga nilifikiri anamwonea mtoto huruma. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Siku ya kuwekwa wakfu kanisani ikafika, watoto wenzake wakaitwa mbele, na yeye akamwambia mchungaji kwamba wetu bado, angoje. Halafu siku moja nilikuwa stoo ya kanisa nikihesabu vikombe vya harusi, nikamsikia upande wa pili wa ukuta akiwaambia wenzake, bila hata kushusha sauti, "Jina langu nimemwekea atakayekuja. Haka katoto wakaite wanavyotaka."

Haka katoto! Na amemwekea atakayekuja! Ati jina liwe kama vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto wa nyumbani hawavigusi mpaka mgeni afike. Niliviweka vikombe chini vikagongana. Sikutoka kumkabili. Nilikuwa na maziwa yanavuja kwenye nguo na mtoto mgongoni anayepumua kama mbwa aliyekimbia, nikaona aibu. Sijui niliona aibu ya nini. Aliyepaswa kuona aibu alikuwa anaimba.

Musyoki nilimwambia siku hiyo hiyo kwa simu.

"Yule ni mama yangu, Nduku. Nitamwambia nini?"

"Umwambie huyu ni mtoto wako wa kwanza."

"Tungoje kidogo. Atalainika."

Usifikiri Musyoki ni mtu mbaya. Ni mtu wa kungoja tu, na mimi wakati huo sikuwa na nguvu ya kupigana pande mbili. Upande mwingine walikuwepo shangazi waliosema ni thavu, ule uchafu wa mila ambao kanisani hawautaji lakini jikoni wanautaja, na wakaanza kuuliza watu wa kwetu Kwa Vonza walikosea nini. Mama yangu mzazi aliposikia alipanda na gunia la ndengu, akakaa nami wiki mbili, akafua nepi zote na hakumjibu mtu. Mimi singeweza kunyamaza vile.

Kazi kubwa ilikuwa kunyonya. Kalondu alishika ziwa kidogo, akatoka jasho kichwa kizima, akalala. Nikamkamulia kwa kikombe, nusu ikamwagikia shingoni. Maziwa yakanivimba yakawa mawe, nikashikwa na homa, nywele zikaanza kutoka na kitana. Gauni langu la kanisani nililipunguza kiunoni mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye mizani ya kliniki yeye haongezeki na mimi napungua, na yule wa mizani ananiuliza kama ninamlisha mtoto kweli.

Aliyenifungua macho si mtu wa hospitali. Ilikuwa siku ya chanjo ya miezi mitatu na nusu, tumeshuka mpaka hospitali kubwa, benchi limejaa. Kando yangu ameketi mama mmoja muuza nyanya wa Kibwezi na msichana wake wa miaka tisa hivi, Ndanu, ambaye alikuwa anapita mbele ya benchi akikemea kila aliyenyoosha miguu. "Rudisha mguu! Watu wataanguka!" Na watu wazima wanarudisha. Nikacheka. Nikamtazama usoni, nikaacha kucheka, kwa sababu macho yake yalikuwa ya mtoto wangu.

"Wako pia ni Down, sio?" Mama Ndanu akaniuliza.

"Ni nini?"

"Down syndrome. Kwani hawajakuambia?" Akamfungua mtoto kiganja, akanionyesha mstari mmoja uliokipita katikati, akasema ndiyo alama yenyewe. Akachukua kitabu changu, akaona zile herufi. "D.S. hii hapa. Wameandika na hawajakuambia. Ngai! Hawa watu!"

Basi hivyo ndivyo nilivyojua, kwenye benchi, kutoka kwa muuza nyanya. Akaniambia kwamba huo Down si laana, hauambukizi, haukutoka kwa chakula wala kwa dhambi ya mtu wa Kwa Vonza, na hauondoki kwa maombi kwa sababu si kitu kilichoingia, mtoto ameumbwa nao. Kisha akaniambia nitoe ziwa. Akamkalisha Kalondu wima kidogo, akanionyesha kumshika kidevu kwa kidole gumba na cha shahada ili mdomo usilegee. Mtoto akanyonya. Nikasikia akimeza mara moja, mara mbili, mara nane. Machozi yakaanza kunitoka.

"Lia tu," Mama Ndanu akasema, "lakini kidevu usiachilie."

Mama yeyote anayesoma haya, chukua hilo la kidevu hata kama utasahau mengine yote. Na lingine aliloniambia ni hili. "Akitoka jasho akinyonya, waambie wamwangalie moyo. Wakikuambia hawa watoto huwa hivyo, usitoke mlangoni."

Nikaingia chumba cha daktari nikasema moyo. Daktari wa zamu, bila kumvua mtoto hata fulana, akaniambia, "Mama, hawa watoto huwa hivyo." Neno kwa neno! Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nilitoka mlangoni. Nilishaambiwa nisitoke na nikatoka, kwa sababu ya lile koti jeupe. Mnisamehe, naandika haya pia kwa ajili ya hasira ninayojikasirikia mwenyewe.

Kati ya siku hiyo na mvua za mwaka uliofuata Kalondu alilazwa na nimonia mara tatu. Ile ya tatu alikuwa amepita mwaka mmoja, hakai bila kushikiliwa, midomo yake imeingia rangi ya zambarau. Ndipo daktari mmoja kijana, mwanamke, akaweka kile kifaa kifuani akasikiliza mpaka nikafikiri amesinzia. Akaagiza picha ya moyo. Picha ikaonyesha tundu. Tundu ambalo lilikuwepo tangu siku ile wauguzi wawili walipokuwa wanasoma kiganja. Tukaandikiwa kwenda Nairobi kupasuliwa, jina likaingizwa kwenye orodha ya wanaongoja, tukaambiwa tutapigiwa simu.

Nimesema jina likaingizwa. Jina gani? Karatasi yake ya kuzaliwa iliandikwa "Mtoto wa Nduku", na mahali pa jina lenyewe palibaki peupe, angoje apate nguvu. Faili ikaandikwa Mtoto wa Nduku. Ile barua ya Nairobi nayo, Mtoto wa Nduku.

Nikangoja simu. Nilienda nayo shambani, nilienda nayo chooni, niliiweka juu ya cherehani nikishona. Maharagwe yakavunwa. Baridi ya Julai ikaja na ukungu wake, mtoto akaacha hata kuwa na nguvu za kulia. Wazee wa ukoo wakakaa kikao sebuleni kwa mama mkwe, wakanitumia ujumbe kwamba tusimsumbue mtoto kwa visu, tumwachie Mungu. Mama mkwe mwenyewe akaniambia, na nitamtendea haki, alisema kwa upole, "Mwanangu, wengine hawakuja kukaa." Nikamwuliza kama angesema hivyo kwa mtoto mwenye jina lake. Akaniambia niende nikalale, nimechoka.

Mwezi wa nane nilichoka kungoja, nikashuka hospitalini mwenyewe, nikaenda dirisha la faili. Karani akatafuta, akasoma, akanitazama.

"Mama, wewe si ulipigiwa? Hapa imeandikwa mama amepigiwa, akasema mtoto wake ni mzima, hana shida ya moyo. Ametolewa kwa orodha."

"Nani amepigiwa?"

Akasoma namba. Haikuwa yangu. Akaenda akarudi na faili nyingine, nyembamba, ya mtoto aliyewahi kuja kutolewa maharagwe puani. Mtoto wa Nduku. Nduku mwingine, mwenzangu, wala simlaumu. Wanawake wanaoitwa Nduku huku kwetu ni wengi kuliko mbuzi. Karatasi zilikuwa zimechanganyika, namba yake ikaingia kwenye barua ya mtoto wangu, akapigiwa akasema ukweli wake, na mtoto wangu akaondolewa kwenye orodha na kalamu moja. Miezi mitano nilikuwa nangoja simu iliyoshapigwa.

Nilipiga kelele. Nilitaka wakubwa wote waje na walikuja. Karani, kijana mwenye jasho sasa, akaniuliza bila ubaya, "Lakini mama, mtoto wa karibu miaka miwili, kwa nini hana jina?"

Benchi zima likanitazama. Nikampigia Musyoki hapo hapo, mbele ya watu. Nilisikia mashine ya maji ikinguruma nyuma yake.

"Musyoki, mtoto wako ametolewa kwa laini ya Nairobi."

"Kwa nini? Nani amemtoa?"

"Mama yako amemtoa. Na wewe. Na mimi pia. Wamemchanganya na mtoto mwingine kwa sababu hana jina. Sasa sikiza. Niko dirishani, karani ameshika kalamu. Mtoto huyu asipoandikwa leo atakufa akiitwa wa Nduku. Ukitaka kungoja, ngoja huko na mipira yako. Mimi naandika. Niandike nini?"

Mashine ikanguruma. Nikasikia akitembea, ikawa mbali.

"Andika mama yangu," akasema.

"Sema jina."

"Kalondu." Akapandisha sauti. "Kalondu Musyoki. Mwambie aandike kwa herufi kubwa."

Niliweka simu kwenye spika akarudia, na karani akaandika kwa herufi kubwa, juu ya faili, juu ya barua, kila ukurasa, akamrudisha kwenye orodha. Alitaka kuniambia ningoje barua ya chifu kwanza. Akanitazama, akaamua asiniambie.

Kalondu alipasuliwa Nairobi mvua za Novemba zilipoanza tena, bado wiki chache afikishe miaka miwili. Asubuhi hiyo walimvika gauni la kijani lililomzidi, nikalikunja mikono. Musyoki alitembea naye kando ya kitanda cha magurudumu mpaka ule mlango tusioruhusiwa, akainama akamwambia, "Mwaitu, enda urudi." Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita hivyo. Kisha akageukia ukuta, akasimama hapo kama mtu anayesoma tangazo.

Sitawaambia walifanya nini ndani, sijui na sikutaka kujua. Nitawaambia habari za kungoja. Mgongo unakufa ganzi. Unasoma bango moja la kunawa mikono mpaka unalichukia. Mwanamke wa kufagia alinipa ndoo yake niikalie, akaipindua juu chini, akaniambia hiyo nafasi ni yangu mpaka jioni. Chai ya Musyoki ilipoa mkononi mwake bila kunywewa. Muuguzi akatoka akaita, "Mama Kalondu!" Nikatazama huku na huku nimwone huyo mama ni nani. Akaita tena. Nikamhurumia huyo mama asiyesikia akiitwa. Mara ya tatu Musyoki akanisukuma bega, "Nduku, ni wewe!"

Nikamkuta na mipira puani na kifuani, midomo yake ya waridi. Sikuwahi kuiona rangi hiyo kwake. Baadaye walipofungua bandeji niliutazama ule mshono kwa jicho la kazi, kutoka chini ya shingo mpaka karibu na tumbo, umenyooka, hatua sawa. Nikamwambia daktari amefanya kazi safi. Akasema nikikosa wateja niende nimsaidie. Wiki ya pili Kalondu akacheka kwa sauti. Alikuwa hajawahi kucheka kwa sauti, ilikuwa hewa haitoshi, nasi tulidhani tabia yake ni upole tu. Kumbe ni mtu wa makelele.

Ungefikiri hapo mambo yaliisha. Tulirudi nyumbani, kanisa likatoa shukrani, mama mkwe akasimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya "huyu mtoto". Musyoki alikuwa amemwambia jina tuliloandika. Unajua alisema nini? Alisema hilo ni jina la karatasi, la hospitali, halina shida, la nyumbani litakuja. Kwa kinywa chake akaendelea na Bebi, na akisahau, haka katoto. Miaka mitatu! Mimi na Musyoki tulimwita Kalondu, majirani wakaniita Mama Kalondu, na yeye akiingia langoni hewa ilibadilika. Musyoki alisema tusigombane naye, mtoto amepona. Na kweli kulikuwa na kazi nyingine, mazoezi ya miguu kila asubuhi juu ya gunia, kliniki ya moyo kila baada ya miezi michache, kupima masikio, kumfundisha neno moja wiki nzima. Alitembea akiwa na miaka mitatu kasoro. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu aliniambia ningoje afike saba. Nilileta kiti changu na cherehani ya mkono nikakaa mlangoni mwa ofisi yake nikishona, siku ya nne akampeleka darasani. Neno ngoja sasa nikilisikia damu inanichemka, hata akilisema muuza sukuma wiki.

Mwaka huo Kalondu alipoanza chekechea ndipo nilijifungua tena. Msichana. Hakuna aliyeandika herufi kwenye kitabu chake.

Mama mkwe alifika na wenzake, nguo za kanisa, uji wa moto. Kalondu alikuwa mkekani anapanga visoda. Bibi yake alimpita akaja moja kwa moja kwangu, akafunua shali, akatazama macho ya mtoto. Halafu akamfungua kiganja akakitazama. Nilimwona! Nikauma meno. Akaridhika, uso ukafunguka, akanyoosha ile sauti yake ya kuongoza wimbo.

"Kalondu wangu amekuja! Yuko wapi Kalondu wangu?"

"Mimi!"

Ilitoka mkekani. Kalondu alikuwa ameinua mkono juu kabisa, kama anavyofanya darasani mwalimu akisoma majina. Akaacha visoda, akainuka kwa namna yake, mikono chini kwanza, makalio juu, akaja akasimama katikati, bado mkono juu, huenda hajaonekana.

"Mimi, susu," akarudia. Susu ni bibi.

Akina mama waliokuwa wamevuta pumzi ya vigelegele wakabaki nayo. Mama mkwe akamtazama chini.

"Wewe ni Bebi," akasema polepole.

"Hapana," mtoto akasema. "Kalondu."

Musyoki alikuwa mlangoni. "Mwaitu," akaita.

Wakageuka wote wawili. Mama mkwe akageuka, na Kalondu akageuka, nyuso mbili zikamtazama zikingoja kujua ni nani aliyeitwa. Kila mtu sebuleni aliona. Musyoki akasema, "Mwaitu, huyo mdogo ni Mutheu, jina la mama yake Nduku. Kalondu tunaye tayari."

Mama mkwe akaketi. Kalondu, ambaye hangoji kukaribishwa na mtu, akampanda magotini, akamshika kidevu amgeuze uso, akamweleza habari ya visoda. Yule mzee hakumsukuma. Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha ikamzunguka. Wenzake wakapiga vigelegele vya kuchelewa. Mimi sikupiga. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, na sidhani nitaiachilia kwa mtu yeyote kabla hawajanirudishia ile miezi mitano.

Hajaniomba msamaha, na simngojei. Ila siku hizi akija huita kutoka langoni, "Kalondu!", na siku akisahau kuita, Kalondu humshika mkono, anamrudisha mpaka langoni, anamwambia aanze tena.